Zenzi na Misonobari ya Shamba la Juu

Katika ukumbi wa chama cha wakulima wa bustani wa wilaya yetu kuna ukuta wa picha za watu waliovuma kwa kazi hiyo. Wa kwanza ni mtawa aliyeleta tufaha la kukaa ghalani mpaka Pasaka. Anafuata bwana mmoja aliyezalisha kabichi nyekundu isiyopasuka, halafu wengine, ndevu kwa ndevu, mpaka ukuta unapokwisha. Pale karibu na mlango wa jikoni ndipo utakapomwona Kreszenz Wiest, kitambaa kichwani, macho yameangalia pembeni kama mtu aliyeacha chungu motoni. Jina la Kreszenz alilitumia padri siku ya ubatizo na siku ya ndoa. Sisi wengine wote tulimwita Zenzi.

Wageni huuliza alifanya nini hata akawekwa pale. Jibu la mkato ni kwamba alipanda miti ya Krismasi. Wakiwa na nafasi ya kukaa, huambiwa jibu refu, nalo linaanza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa.

Hinterlachen ni kijiji cha Waswabi upande wa Bavaria, na ni Wakatoliki watupu. Zamani Krismasi ilikuwa hori tu: Mtoto Yesu wa mbao, ng'ombe, punda, basi. Bibi yake Zenzi aliukumbuka vizuri mti wa kwanza. Mkuu wa stesheni aliyeletwa kutoka kaskazini, Mluteri, alisimamisha msonobari sebuleni kwake na kuupachika mishumaa, na watoto wa kijiji wakapanda juu ya rundo la kuni ili wachungulie dirishani. Padri wa siku hizo alihubiri Jumapili mbili kwamba mti ndani ya nyumba ni mambo ya Waluteri. Jumapili ya tatu akanyamaza, maana mpishi wake alikuwa ameshausimamisha wa kwake jikoni.

"Na ulikuwa umepinda," bibi alikuwa akimaliza, "umepinda kama mguu wa nyuma wa mbwa."

Miti yetu ilipinda tangu siku hiyo. Msituni kwetu kumejaa msonobari mwekundu, ambao hukua mwembamba kwa kugombea mwanga, na ukiuleta karibu na jiko la sebuleni huanza kupukutisha sindano zake kabla soseji hazijaiva. Msonobari mweupe ndio wenye matawi yaliyolala vizuri, wenye sindano zinazong'aa na zisizoanguka hata ukakaa nao mwezi mzima. Lakini kulungu nao wanajua uzuri wake. Kila mche mweupe unaochomoza, wao huula kichwa. Kwa hiyo watu walikata miekundu, na mkesha wa Krismasi kila mume alijifungia sebuleni na keekee, akatoboa shina mahali palipokuwa wazi, akachomeka tawi la ziada kwa gundi. Mwenye keekee nzuri alikuwa Korbinian Settele, seremala, na keekee yake ilizunguka kijiji kizima juma hilo kama sanduku la sadaka.

Ndipo ikaja desturi ya kusifu. Sikukuu ya Stefano, siku ya pili ya Krismasi, wanaume huzunguka nyumba kwa nyumba. Wanaingia, wanavua kofia, wanasimama mbele ya mti na kusema, "Mti mzuri!" Mwenye nyumba humimina pombe kali ya plamu kwenye kijiglasi, naye msifuji hunywa. Mti uwe umepinda, uwe na upara, uwe umetobolewa kama filimbi, utasifiwa, kwa kuwa asiyesifu hanywi. Kufikia nyumba ya kumi, miti yote huwa imenyooka.

Zenzi alikulia ndani ya kitalu. Baba yake, Alois, aliuza miche ya kabichi na maua ya makaburini, na alimfundisha binti kupandikiza matufaha kabla hajajua kusuka nywele zake. Alikuwa mtoto wa maneno machache na vidole vingi, kama alivyosema mama yake. Sikukuu moja ya Stefano, akiwa msichana mkubwa, alikuwa akiwapelekea wasifuji mkate wa pea kavu, akaliona tawi moja la mti wao linatoka polepole kwenye tundu lake, likaanguka chini mbele ya wanaume wote. Korbinian aliliokota, akalirudisha mahali pake bila haraka, akasema, "Mti mzuri," akanyosha mkono kupokea kijiglasi. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba yake naye alicheka. Zenzi alitoka nje akasimama kwenye theluji, mashavu yanawaka. Aliona kwamba kuna jambo mkulima wa bustani anapaswa kulionea aibu, na kwamba nyumba nzima haikuliona.

Vita vikaja, vikapita. Alois alifariki mwaka wa pili wa amani, akawaachia watoto wake wawili, Xaver na Zenzi, kitalu, nyumba na Shamba la Juu. Kitalu walielewana kukigawana bila tabu. Ugomvi ulikuwa Shamba la Juu, kipande cha mteremko wenye mawe kinachopakana na msitu. Xaver alilitaka kwa viazi. Zenzi alisema anataka kulipanda misonobari myeupe, shamba zima, kwa ajili ya Krismasi.

Mtu asiyekuwapo miaka ile hawezi kujua neno hilo lilivyosikika. Watu wa mjini walikuwa bado wanakuja kwa treni na mazulia mabegani kubadilishana na viazi. Kupanda miti isiyoliwa kwenye ardhi ya chakula ilikuwa karibu sawa na kumwaga maziwa barabarani. Xaver hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe na watoto, na aliogopa njaa kama sisi sote.

Jumapili moja baada ya misa, Zenzi aliingia kilabuni, saa ambayo mwanamke haingii kule. Wanaume walikuwa kwenye bia yao ya asubuhi. Alisimama mbele ya meza ya kaka yake bila kuvua koti.

"Xaver, niachie Shamba la Juu miaka kumi."

"Miaka kumi!" Xaver aliweka bilauri chini. "Na ng'ombe wangu wale nini, harufu ya ubani?"

"Viazi vyako vya kule juu vinatoka vidogo kama kokoto. Unajua mwenyewe."

"Kokoto zinachemka, dada. Msonobari unauchemsha na nini?"

"Na mishumaa!" mtu akapiga kelele kutoka meza ya kona, na kilabu kizima kikalipuka.

"Tena bustani ni kazi ya wenye ndevu," mwingine akaongeza. "Zenzi, zako zinaota lini?"

"Zikiota nitakuazima," Zenzi alijibu, "maana naona zako zimekwama."

Hapo wakamcheka yule mwenzao, na kicheko kilipotulia, Korbinian Settele akagonga meza kwa kiko chake. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye nyusi zilizokaa kama vumbi la mbao. Hakuna aliyekumbuka lini alisifu kitu kwa moyo. Inasimuliwa kwamba siku ya harusi yake mwenyewe, alipoulizwa bibi harusi anaonekanaje, alijibu, "Akikauka atanyooka."

"Mwache apande," alisema. "Mwaka wa kumi, sikukuu ya Stefano, nitaingia kwake kusifu. Nikiusifu mti wake kwa moyo mweupe, shamba ni lake. Nikikuta tundu la keekee, au nikishindwa kusifu, Xaver apitishe plau yake."

Xaver alicheka, akampa dada yake mkono mbele ya watu wote. Alimjua Korbinian. Aliona kama shamba ameshalipata.

Zenzi alianza majira yale yale ya kuchipua. Bwana msitu alimruhusu kung'oa miche michanga iliyojiotea chini ya misonobari myeupe mikongwe, ile ambayo kulungu wangeila hata hivyo. Aliibeba kwenye kapu lililotandikwa kuvumwani yenye unyevu, akaipanda kwa mistari kukata mteremko. Miaka ya mwanzo hakuna kilichoonekana. Msonobari mweupe mdogo hauna haraka. Unakaa chini ukijenga mizizi, na juu unakua kwa urefu wa ukucha. Ukipita barabarani uliona majani tu, na mwanamke amepiga magoti katikati yake.

"Umepoteza nini huko, Zenzi?" walimwuliza.

"Miaka kumi," alijibu. "Nikiiona nitawaita."

Kulungu walipokuja, alikwenda kwa mchunga kondoo akaomba sufu chafu, ile yenye mafuta na harufu, akafunga kishungi kimoja kimoja kwenye ncha ya kila mche. Kulungu akinusa hapo hugeuza pua. Shamba zima likawa jeupe kwa vishungi, na kijiji kikapata neno jipya la kumsalimia. "Kondoo wako wameshaota mizizi?" "Wape maji, wanaanza kulia!" Zenzi alizoea. Kilichomsumbua ni baridi.

Kwetu kila mkulima anawajua Watakatifu wa Barafu, wale watakatifu wa katikati ya Mei ambao siku zao huja na baridi ya mwisho, na wa mwisho wao ni Sofia wa Baridi. Kabla Sofia hajapita, hakuna anayepeleka mche nje. Lakini msonobari mweupe huchipua kwa wakati wake bila kuuliza kalenda ya watakatifu. Mwaka wa nne, machipukizi yalikuwa yametoka, laini, ya kijani kibichi kama saladi. Zenzi alimwona Sofia akipita kwa amani, akaacha kukesha. Siku ya tatu baada yake, jalidi ikashuka alfajiri. Jua lilipopanda, kila chipukizi la Shamba la Juu lilikuwa limening'inia, hudhurungi, kama limemwagiwa maji ya moto.

Xaver alipanda mlimani siku hiyohiyo. Alisimama pembeni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani.

"Zenzi. Yatosha. Nitakusaidia kung'oa. Hakuna atakayecheka, nakuapia."

"Wewe utacheka."

"Nitacheka nikiwa zizini. Ng'ombe hawasemi."

Zenzi alitamani kumpiga, akatamani kumwegemea. Badala yake alipiga magoti, akavunja chipukizi moja lililokufa, akatazama chini yake. Kwenye pembe ya tawi la mwaka jana kulikuwa na kijicho kidogo, kimefumba, cha kahawia, kizima. Akatazama mche wa pili. Wa tatu pia ulikuwa nacho.

"Njoo kesho na mundu," alimwambia kaka yake, "unisaidie kukata majani. Kung'oa hapana."

Cha kushangaza, alikuja. Alikata majani siku nzima akilalamika mgongo, na akakumbusha mara tatu kwamba plau yake iko palepale.

Vile vijicho vilichipua mwezi wa Juni. Mwaka uliofuata Zenzi hakuwaamini tena watakatifu. Aliwasha moto wa majani mabichi upande wa chini wa shamba kila alfajiri yenye nyota kali, na moshi ulipanda polepole kati ya mistari kama blanketi. Akajifunza pia kwamba kinachofaa kwa tufaha kinaufaa na msonobari: ukiliminya kwa ukucha lile chipukizi linalokimbilia juu, matawi ya chini hupata nguvu na hufungamana. Alifanya hivyo mti kwa mti, kwa mkono, miaka yote iliyobaki.

Katikati ya hayo aliolewa. Leonhard Wiest alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, mpole, mwenye mikono mikubwa inayovunja vikombe. Alipomposa, Zenzi alimwonya.

"Ukinioa, umeoa na Shamba la Juu."

"Lina ng'ombe?"

"Lina kulungu."

"Basi," Leonhard alisema baada ya kufikiri, "hatutawakamua."

Wakapata binti, Afra. Mwaka wa tisa miti ilimfikia Zenzi begani. Mwaka wa kumi ilimpita kichwa, na waliopita barabarani wakaacha kuuliza kuhusu kondoo. Wengi hawakusema chochote, nako kwa watu wa Hinterlachen kunyamaza ni nusu ya sifa. Xaver naye alianza kutengeneza plau yake hadharani, uani, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Siku chache kabla ya Krismasi Zenzi aliuchagua mti wake. Alizunguka shamba asubuhi nzima, akaupata mmoja wenye matawi yanayozunguka shina ngazi kwa ngazi, akaukata mwenyewe kwa msumeno. Leonhard aliubeba begani mpaka nyumbani, wakauacha bandani, umefunikwa gunia. Mkesha wa Krismasi, kama desturi ilivyo, mume huusimamisha mti peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, kwa kuwa mtoto lazima aamini umeletwa na Mtoto Yesu. Zenzi na Afra walikaa jikoni wakisubiri kengele. Kule ndani walisikia Leonhard akihema, akigonga, akinyamaza sana. Zenzi alidhani anahangaika na kigingi cha kusimamishia.

Kengele ikalia, mlango ukafunguliwa, na mti ukasimama pale na mishumaa yake yote. Zenzi alishika ubao wa mlango. Alikuwa ameuona mti huo kila siku kwa miaka kumi, na alikuwa hajauona.

Sikukuu ya Stefano wanaume hawakuzunguka kijiji. Walikuja kwake moja kwa moja, wote, wakajaa sebuleni mpaka kwenye ngazi, Xaver mbele. Walivua kofia. Yule mpiga kelele wa meza ya kona kilabuni akanong'ona, "Yesu na Maria." Zenzi alisimama kando ya mti na chupa mkononi.

Korbinian aliingia wa mwisho. Alitazama mti kutoka juu hadi chini, akapitisha kiganja juu ya sindano, akapiga chafya. Halafu akatabasamu, jambo ambalo liliwatisha waliomjua.

"Leonhard," alisema, "ugeuze."

Leonhard akawa mweupe kama ukuta.

"Kuna nini nyuma?" Zenzi aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema Leonhard. "Ukuta."

"Ugeuze, kijana."

Waliugeuza wawili. Upande wa nyuma, chini kidogo ya katikati, Korbinian alishika tawi moja kwa vidole viwili, akalivuta. Likatoka taratibu na kijisauti cha gundi, na vumbi kidogo la mbao likaangukia zulia.

Kicheko kilichotoka kilitikisa vioo vya dirisha. Xaver alipiga mapaja yake. "Viazi!" alipiga kelele. "Dada, viazi!"

"Nilijua tangu juzi," Korbinian alisema, akipeperusha lile tawi kama kipepeo cha moto. "Maana keekee aliiazima kwangu!"

Zenzi alimgeukia mumewe. Leonhard alikuwa akitazama viatu vyake.

"Niliteleza," alisema. "Getini, kwenye barafu, siku ile naubeba. Nikaangukia mti. Tawi moja likavunjika. Niliona aibu kukwambia, Zenzi. Nikalirudisha lilelile mahali pake."

"Kwa keekee ya Korbinian."

"Kila mwaka huwa naazima kwake. Nilifikiri nisipokwenda, watasema tumejivuna."

Sasa hata waliokuwa wamenyamaza walicheka, na mmoja alilazimika kukaa chini. Zenzi alijaribu kumkasirikia mumewe, na alikuwa na haki. Lakini alimwona amesimama na mikono yake mikubwa inaning'inia, akajua kwamba katika nyumba zote za Hinterlachen hakuna mwanamume ambaye asingefanya vilevile. Kosa lilikuwa la kijiji kizima. Lilikuwa limepitia tu mkononi mwa Leonhard.

"Kilichotobolewa kimetobolewa," Xaver alisema, akifuta macho. "Tulipeana mkono."

"Tulipeana," alisema Zenzi. "Afra, niletee viatu vyangu vya theluji."

"Unakwenda wapi?" Xaver aliuliza.

"Shambani. Mti huu ameuangukia Leonhard, ameutoboa Leonhard, ni wa Leonhard. Mimi nilipanda shamba zima." Alichukua keekee iliyokuwa kwenye rafu, akamwekea Korbinian mkononi. "Mzee Korbinian, chukua na chombo chako. Twende ukakague mmoja mmoja. Ukikuta hata mmoja wenye tundu, au ukikosa wa kuusifu, Xaver hatahitaji kuleta plau. Nitaing'oa yote kwa mikono yangu."

"Kuna baridi huko," mtu alisema.

Zenzi aliweka chupa ya plamu na kijiglasi ndani ya aproni, akatoka navyo. Wakamfuata wote.

Walipanda kwa mstari mmoja, theluji magotini, wakitoa moshi kama farasi. Jua la mchana lilikuwa limekaa juu ya msitu, dogo na jeupe. Walipofika ukingoni mwa Shamba la Juu mazungumzo yakafa yenyewe. Miti ilikuwa imesimama kwa mistari yake kukata mteremko, kila mmoja na theluji kwenye mabega, hakuna uliomwegemea mwenzake. Wanaume wale walikuwa wamekata miti ya Krismasi maisha yao yote, na kila mmoja alikuwa ameleta nyumbani uliokuwa na nafuu kuliko mingine mibaya. Walikuwa hawajawahi kusimama mahali penye kuchagua.

Korbinian aliingia peke yake kati ya mistari. Alikagua kama seremala anavyokagua mbao za mtu anayemshuku. Aliinama, akatenganisha matawi, akatazama shina. Akatikisa theluji, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja ili apime unyoofu. Alikwenda mti wa pili. Alikwenda wa tatu. Walimwona kofia tu, mbali, ikipanda na kushuka. Kuna wakati alikaa sana sehemu moja hata Xaver akanyosha shingo. Halafu kofia ikaendelea.

Zenzi alisimama na chupa kifuani. Aliwaza kila kijicho alichokiminya na kila alfajiri ya moshi. Hakuwa na hofu ya matundu. Alichoogopa ni ule mdomo mkavu, ambao haukuwahi kumpa hata bibi harusi neno moja la heri.

Korbinian alisimama mbele ya mti mmoja, wa kimo cha kawaida, uliokuwa ukingoni. Hakuugusa. Alivua kofia yake, nywele zake nyeupe zikasimama kwenye baridi.

"Mti mzuri," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini hewa ilikuwa kavu na wote walisikia. Zenzi alimfikia, akamimina kijiglasi kikajaa hadi kikamwagikia vidole. Akamnyoshea.

Korbinian alikitazama. Halafu akakisukuma kwa upole kwa nyuma ya kiganja.

"Hiyo ni ya kulipia uongo," alisema. "Huu nimeusifu bure."

Katika Hinterlachen hakuna aliyewahi kuona mtu akisifu mti na kukataa kijiglasi. Wazee walitazamana. Xaver alikuwa amesimama kinywa wazi, na mvuke unatoka.

"Korbinian," alisema hatimaye, "una homa?"

"Nina macho. Mpe dada yako shamba lake."

Xaver alipita kati ya mistari hadi alipokuwa Zenzi, akamnyang'anya kile kijiglasi, akakinywa chote.

"Lako," alisema, akakohoa. "Lote. Na pombe yako ni kali kama wewe."

"Mshukuru marehemu baba. Ni ya mwisho ya mkono wake."

Hapo kaka yake alimkumbatia, kofia ikamwanguka, na wanaume walianza kupiga kelele za shangwe hata kunguru wakaruka msituni. Leonhard alilia waziwazi, bila kificho.

Lakini Korbinian alikuwa bado na shughuli. Aliifungua skafu yake shingoni, ile ya kijivu ambayo mkewe aliifuma, akaifunga kwenye tawi la mti wake.

"Hapo unafanya nini?" akauliza mtu.

"Huu wa kwangu, Krismasi ijayo. Asiuguse mtu."

Wakatazamana kwa kitambo kifupi tu. Halafu kila mmoja akakimbilia mstari, kwenye theluji hiyo, watu wazima wenye wajukuu. "Huu wangu!" "Nimeushika kwanza, toka!" "Wewe wako una upara, angalia!" "Hakuna wenye upara hapa, mjinga, chagua wowote!" Wasiokuwa na skafu walifunga leso. Wasiokuwa na leso walivisha miti kofia. Mpiga kelele wa kwenye kona alifunga glavu moja, akaona haitoshi, akafunga na ya pili. Xaver alizunguka kwa muda mrefu zaidi ya wote, akatafuta mkubwa kupita mingine, akauvisha koti lake.

Mwishowe walishuka mlimani vichwa wazi, shingo wazi, masikio mekundu kama matufaha, wakiimba kwa sauti ambazo hazikupatana. Kwenye kila mlango wake zao waliwapokea na swali moja. Zenzi hakushuka nao. Alibaki juu, Leonhard kando yake, akiitazama ile miti iliyovaa nguo za wanaume wa Hinterlachen, mstari kwa mstari mpaka ukingo wa msitu. Na kwenye misa ya Mwaka Mpya, padri alilazimika kusimama mara kadhaa katikati ya mahubiri kungoja chafya zipite.